Nusu ya Makala

Kaka yangu alifungwa kwa sababu ana sauti. Si kwamba aliitumia kumtukana mtu. Anayo tu, kama wewe ulivyo na pua.

Mji mzima ulimwita Spika. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani ndani ya kigari chenye vipaza sauti juu ya paa, akitangaza: mzee fulani amefariki, mazishi alasiri, duka fulani limeshusha bei, maji yatakatika kesho, jazeni ndoo. Sauti yenyewe nzito, na mwishoni ina mkwaruzo kama mlango wa stoo. Watoto waliiiga shuleni. Wauza nyanya waliiiga sokoni. Mimi nilikuwa naiiga mezani mpaka Mama anacheka chai inamwagikia mapajani, na Spika mwenyewe ananiambia, "Endelea tu, siku nikipoteza sauti utanishikia zamu."

Jioni moja umeme ulikatika. Mtu akaingia kwenye duka la dawa gizani, akamwambia muuzaji, "Lala chini, usinitazame," akachukua alichokitaka, akatoweka. Muuzaji hakuona uso, hakuona shati, hakuona hata kiatu. Polisi walipomuuliza hakusita: "Ni Spika. Sauti ile naijua kama ninavyoijua ya mume wangu."

Jioni hiyo Spika alikuwa kalala nyumbani kwake na homa, na shahidi wake pekee alikuwa mto. Hakimu akamuuliza muuzaji kama ana hakika. Ana hakika. Akamuuliza tena. Ana hakika zaidi. Miaka ikatajwa, mingi, na Spika akapandishwa gari ambalo halina kipaza sauti hata kimoja.

Tukabaki na rufaa. Na rufaa ikabaki na Shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu, wakili mchanga mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la simu. Koti lake la mahakamani lilishonwa kwa ajili ya mtu mnene, akisimama kutoa hoja anafanana na hema lililosimamishwa kwa nguzo moja. Nilimwambia hivyo siku ya harusi mbele ya wazazi wake. Ushemeji ni leseni, na mimi yangu haijawahi kuisha muda. Lakini siku aliyotuita ofisini, mimi na Mama, hata utani ulikuwa mgumu kumeza.

"Mama," alisema, "jaji tuliyepangiwa habadiliki kwa machozi. Anataka kitu kilichoandikwa. Kitu cha kushika mkononi."

"Na unacho, baba?" Mama aliuliza. Mama humwita mkwe wake baba, kwa heshima.

"Nikiwa chuoni nilisoma makala kwenye jarida la sheria. Mwandishi aliutwanga ushahidi wa sauti mpaka ukawa unga. Alisema sauti inayojulikana na kila mtu ndiyo inayoigwa na kila mtu. Kwa hiyo shahidi akisema 'nimeijua sauti', amekuambia tu kwamba ana masikio."

Mama alininyooshea kidole bila kunitazama. "Hicho si ndicho ninachosema kila siku? Huyu hapa tu anaweza kumfungisha kaka yake."

"Jarida gani hilo, Shemeji?" nikauliza. "La mwaka gani?"

Akakuna kichwa. "Lilikuwa na jalada la kijani."

"Hata kitabu cha mapishi kina jalada la kijani, Shemeji."

Hakucheka. Akanipa karatasi ya kuniruhusu kuingia maktaba ya mawakili kama msaidizi wake, kwa kuwa yeye alikuwa na kesi nyingine asubuhi na mimi nilikuwa na kidato cha nne na muda tele.

Maktaba ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la chama cha mawakili: ukumbi mrefu, meza zilizokwaruzwa, feni inayozunguka kwa uvivu wa mtu aliyeajiriwa na shangazi yake. Mkutubi alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa "shii", la pili "shii", nikamwita Mama Shii tangu hapo. Ile "shii" ya kwanza nilistahili, kiti changu kilikuwa kinalia. Ya pili sijui.

Nilidhani majarida hupangwa kama vitabu, unasoma mgongoni unachukua. Wapi! Matoleo mapya yamelazwa kwenye rafu ya mlangoni, uso juu, kila moja na rangi yake. Lakini ya zamani hushonwa pamoja, matoleo ya muda mrefu katika juzuu moja nene, kisha yote yanavishwa jalada jeusi. Ukuta mzima ni mweusi. Shemeji alipofika mchana nikamwonyesha.

"Kijani chako kile," nikamwambia, "kimevaa msiba."

Alikaa, akashika kichwa.

Njia ilikuwa faharasa, kile kitabu kinachokuambia makala gani yapo juzuu gani. Nilianza kwenye "sauti", hakuna. Nikaenda "giza", hakuna. Nikaenda "duka la dawa", nikakuta leseni za wafamasia. Mama Shii alikuwa ananitazama juu ya miwani kwa muda mrefu, mwishowe akaja.

"Unatafuta kama mtu aliyeibiwa," akanong'ona. "Wenye sheria hawaandiki kilichotokea. Wanaandika jina walilokipa. Anza na Ushahidi."

Chini ya Ushahidi kulikuwa na Utambuzi, chini ya Utambuzi kulikuwa na gwaride la utambuzi, utambuzi kwa picha, na mkiani kabisa, kama mtoto wa kambo, utambuzi kwa kusikia. Makala machache. Tukaandika namba za juzuu, tukaanza kuvuta majalada meusi moja moja, vumbi likitushukia kichwani. Na namba zenyewe zina ujanja: juzuu halifuati mwaka. Jarida moja liliwahi kulala miaka kadhaa bila kuchapwa, likaamka, likaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna aliyegundua. Tulivuta juzuu lisilo lenyewe mara mbili. Shemeji akaanza kusema labda aliota.

Kisha akasimama na juzuu mikononi, midomo ikicheza kama mtu anayesali.

"Ndilo," akasema.

"Shii," akasema Mama Shii, lakini taratibu.

Nilisoma begani kwake. Sikuelewa kila neno, lakini niliyoyaelewa yalinipandisha joto mwilini. Mwandishi alisema sikio ni mwongo mwenye kujiamini. Alisema mtu aliye na hofu husikia sauti anayoijua zaidi, si sauti inayosema. Alisema nani asiyejua kumwiga mtu maarufu wa mtaani kwake? Nilitamani kumkumbatia mtu huyo, popote alipo, hata kama amekufa.

Ukutani palikuwa na tangazo: juzuu halitoki nje, na fotokopi ni kurasa kumi tu kwa kila makala. Makala yetu yalikuwa marefu, yanaendelea na kuendelea. Karani wa fotokopi akahesabu kumi za kwanza, akazima mashine.

"Zilizobaki je?" nikauliza. "Turudi kesho na kitambulisho cha mwingine?"

"Zilizobaki ni tanbihi na mapambo," alisema Shemeji. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu hukumu. "Nilishayasoma haya, shemeji yangu. Nayajua kama sala."

Akaziambatisha kurasa kumi kwenye hoja zake za maandishi, akaziwasilisha mahakamani, nakala moja ikaenda kwa wakili wa serikali kama inavyotakiwa. Mama aliposikia aliinuka. Alitoa mashati ya Spika kabatini, yote, akayafua, hata yaliyokuwa safi.

Tulikwenda kumwona gerezani. Alikuwa amepungua mpaka kola ya sare inamzunguka. Alizungumza chini chini, ikabidi niweke sikio kwenye waya.

"Mbona unanong'ona? Umeingia kwenye maktaba?"

"Nikiongea kawaida wanakuja," alisema. "Kuna askari ananitaka niite majina asubuhi kama natangaza msiba. Wenzangu wanacheka. Na huku pia wananiiga." Akasogea karibu na waya. "Hayo makala, jaji atayasoma?"

"Yapo mezani kwake."

"Yanasema kweli sikuwa mimi?"

"Yanasema hakuna anayeweza kujua kama ulikuwa wewe."

Akafikiri. "Si sawa na kusema sikuwa mimi."

"Yanatosha kukutoa."

"Basi yanatosha," alisema. Kisha akaniambia jambo ambalo sijamwambia Mama mpaka leo: kwamba rufaa ikishindwa, yeye hataki tuwe tunakwenda kumwona. Hakulia. Alilisema kama anavyotangaza maji yatakatika.

Siku moja kabla ya rufaa kusikilizwa tulirudi maktaba, mimi na Shemeji. Alitaka kuhakiki namba za kurasa tu, maana jaji hapendi namba zilizokosewa. Tulipata juzuu mahali pake. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kumi, kwa sababu ambayo hata yeye hawezi kuieleza, akageuza ukurasa.

Sehemu ya pili ilianza hivi: *Hayo ndiyo madai ya wanaoupinga ushahidi wa sauti, nami nimeyaeleza kwa nguvu zao zote ili nisionekane kuwaonea. Sasa tuyapime.*

Nikamtazama Shemeji. Alikuwa amerudi kuusoma mstari uleule.

Mwandishi akayapima kweli. Alichukua moja moja madai aliyoyapamba kule mwanzo, akayavunja kama kuni. Mtu maarufu kuigwa? Basi na noti hughushiwa, je, tuache kupokea noti? Hofu huharibu sikio? Hofu hiyohiyo hulinoa.

"Haiwezekani," Shemeji akasema. "Mimi nilikuwa na nakala chuoni, kabla haijanipotea. Nimeisoma mara ngapi sijui."

"Nakala yako ilikuwa na kurasa ngapi?"

Nikajua kabla hajafungua mdomo. Maktaba ya chuo nayo ilikuwa na tangazo ukutani.

"Kumi," alisema.

Tukaendelea kidogo, ukurasa, ukurasa mwingine. Kila mstari ulikuwa mlango wa gereza. Shemeji akafunga juzuu. Chini ya kidole chake zilibaki kurasa bado, unene wa ukucha hivi. Sikumwambia aendelee. Nani humalizia kikombe akishajua ni sumu?

"Yaondoe," nikamwambia. "Mwambie jaji umekosea, toa hoja nyingine."

"Hoja nyingine ipi? Hakukuwa na shahidi mwingine, hakukuwa na wa kuapa kwamba alikuwa kitandani, sina kitu. Nilijenga nyumba nzima juu ya haya." Sauti yake ilipanda, Mama Shii akageuza shingo, Shemeji akaishusha. "Na yule wakili wa serikali, yule mama, si kama wengine. Yule husoma. Akiona nimenukuu makala atakuja hapa leo hii kuyatafuta, atasoma yote, na kesho atamsomea jaji sehemu ya pili mbele ya Mama."

Akanyanyuka na juzuu. Hakuelekea rafu yake. Alitembea hadi mwisho wa ukumbi, nyuma ya nguzo, kwenye majarida ya kodi, mahali ambapo vumbi lilikuwa limekaa kwa amani tangu lizaliwe. Majalada yaleyale meusi. Akalisukuma kati ya mengine mpaka likalingana nayo.

"Chuoni tulifanya hivi wakati wa mitihani," alisema, hanitazami. "Huchani, huibi. Unaliweka tu pale asipokwenda mtu. Hakuna binadamu anayesoma kodi kwa hiari."

"Shemeji."

"Asipoliona hatasema kitu. Jaji atabaki na kurasa kumi."

"Na sisi tukilitaka?"

"Tulitakie nini?"

Nilicheka. Sijui kwa nini, mdomo wangu huwa unatangulia. Labda ilikuwa sura yake, mtu mzima na koti la hema, anaficha kitabu kama mtoto anayeficha ripoti ya shule. Kisha nikafikiria Spika anavyoweka mdomo kwenye waya, nikaacha kucheka, na sikurudi kulitoa.

Kesho yake Mama alivaa nguo aliyovaa kwenye harusi ya Dada. Dada mwenyewe alibaki nyumbani na mtoto. Spika aliletwa, akakaa kizimbani, akatuangalia mara moja tu, kisha akaangalia meza ya jaji kutafuta karatasi zetu.

Shemeji alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisoma zile kurasa kumi kwa sauti iliyotulia, na pale kwenye "sikio ni mwongo mwenye kujiamini" nilimwona jaji anaandika kitu. Mama akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na ukali wa sabuni ya kufulia.

Kisha wakili wa serikali akasimama. Mama mfupi, mpole, na faili lililofungwa kwa uzi.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "wajibu wangu si kujaza gereza, ni kuisaidia mahakama. Makala aliyonukuu ndugu yangu niliyasoma miaka mingi iliyopita. Aliyoyaleta ni sehemu ya kwanza tu. Sehemu ya pili inampinga, na sifichi kwamba ningeitumia."

Shemeji aliinamisha kichwa. Nikajua tumekwisha. Kumbe hatukuwa tumeanza.

"Lakini makala yale," aliendelea, "yana pia sehemu ya tatu. Fupi. Kama kumbukumbu hainidanganyi, mwandishi anaacha mlango mmoja wazi. Anasema sauti ambayo watu wameizoea kupitia kipaza sauti isikubaliwe peke yake kumtia mtu hatiani, kwa sababu wanachokijua ni mlio wa chombo, si koo la mtu. Mrufani huyu ni mtangazaji wa vipaza sauti. Niliona ni haki mahakama iyaone maneno hayo yenyewe. Jana nilikwenda maktaba kulichukua juzuu. Halipo kwenye rafu yake. Tulilitafuta, mimi na mkutubi, mpaka walipofunga."

Mama alinigeukia. "Anasema nini? Huyu si yule wa upande wao?"

"Ndiye, Mama."

"Mbona kama anatusaidia?"

Nikamwashiria asikilize.

Jaji alivua miwani, akamtazama Shemeji. "Wakili, makala ni yako. Wewe ndiye uliyeyaleta hapa. Sehemu ya tatu inasemaje?"

Nimewahi kumwona Shemeji akikosa la kusema mara nyingi, mara nyingi kwa sababu yangu. Haikuwa kama hivi. Alifungua karatasi zake, akazifunga. Alikunywa maji. Angeweza kusema lolote. Jaji alikuwa anangoja, hata yule wakili wa serikali alikuwa ameegemea mbele kama anayetaka kumsaidia kukumbuka.

"Mheshimiwa," alisema, "sikuifikia sehemu hiyo."

"Hukuifikia."

"Naomba muda mfupi, Mheshimiwa. Nilitafute juzuu."

"Faili hili limeahirishwa vya kutosha. Nasikiliza lingine sasa. Nikimaliza, narudi kwenu."

Shemeji alipita karibu na benchi letu kama anayekwenda msalani. "Kimbia," akasema.

Nilikimbia. Mtu akinikanyaga nasema pole mimi, nikimkanyaga anasema pole yeye. Nilipanda ngazi za maktaba bila kuzihesabu, nikapita meza, nikapita nguzo.

Rafu ya kodi ilikuwa tupu. Si juzuu moja lililoondoka, yote. Mbao zilikuwa wazi, na mistari safi kwenye vumbi pale vitabu vilipokuwa vimesimama.

"Shii," alisema Mama Shii kwa mazoea, kisha akaona uso wangu. "Una nini?"

"Kodi. Majarida ya kodi yako wapi?"

"Yameondoka asubuhi na gari. Yamepelekwa ghalani, nje ya mji. Hapo zinakuja kompyuta." Akavua miwani. "Mbona leo umeipenda kodi?"

Nikamwambia. Sikupunguza wala kupamba, sikuwa na nafasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti, akakaa. Nilitaka anigombeze. Ningejua pa kusimama.

"Jana yule mama alipiga magoti hapa," alisema, "anapekua rafu za chini, na sketi yake ya mahakamani. Nilimwambia atachafuka. Akasema, kuna kijana wa watu kule ndani."

Akachukua simu. Mlinzi wa ghala akasema gari halijafika. Akampigia dereva, dereva akasema yuko njiani, maboksi yamefungwa kwa gundi, hayajaandikwa kitu, na yeye hana ruhusa ya kufungua. Mkutubi mkuu alikuwa kwenye mkutano. Akapiga tena, na tena. Nilisimama pale nikiangalia kidole chake kinavyobonyeza, nikajua kwamba hata ingekuwa dereva ni mjomba wangu, sipati.

"Nenda," alisema. "Nitaendelea kupiga."

Niliporudi, Shemeji aligeuka mlango ulipofunguka. Alitazama mikono yangu.

Jaji alitoa uamuzi palepale. Alisema makala ya jarida si sheria, ni mawazo ya msomi, na yanaweza kumwongoza yakiletwa yakiwa mazima. Ameletewa nusu, na aliyeileta haijui nusu nyingine. Kumbukumbu ya wakili mwenzake, hata akiwa mwaminifu namna gani, haiwezi kusimama mahali pa maandishi. Muuzaji aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na hakika. Rufaa imetupwa.

Mama hakuelewa mpaka askari alipomgusa Spika bega.

Spika alisimama. Kabla ya kushuka ngazi zile za nyuma, aliomba ruhusa ya askari kwa macho, akaegemea kizimba, akamnyooshea Shemeji mikono yote miwili.

"Asante, Shemeji," alisema. "Umenipigania. Nimekusikia."

Shemeji akaipokea mikono ile. Sijui alifanyaje. Mimi nisingeweza.

Kwa Mama, Spika alitikisa kichwa tu. Mimi alinitazama kwa muda, nikakumbuka alichoniambia kwenye waya, naye akaona kwamba nimekumbuka.

Tulikaa kwenye benchi la kibarazani, mimi na Mama. Watu wa kesi nyingine walikuwa wanapita na faili zao. Nikamweleza yote, kurasa kumi, rafu ya kodi, gari. Nilimweleza haraka, kama mtu anayetema kitu. Nilitaka asimame, aende akamvute lile koti mbele ya mawakili wenzake. Nilitaka kuliona hilo kuliko nilivyotaka kula.

Alinyoosha mikunjo ya ile nguo ya harusi magotini.

"Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Asijue."

"Mama, huyu mtu—"

"Huyu mtu ni mume wa mwanangu. Na ni wakili wetu. Unaye mwingine?" Hakupandisha sauti. "Mmoja wamenichukulia. Nikamvunjie na dada yako nyumba yake, nibaki na nini? Na wewe na vichekesho vyako?"

Shemeji alitoka mlangoni. Koti alikuwa amelivua, amelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Alisimama mbele yetu, akamtazama Mama, akanitazama mimi, na nikaona anajua kwamba nimesema.

"Mama," alianza, "kuna mahakama ya juu zaidi. Tukipata juzuu—"

Mama akasimama. "Pole na kazi, baba," alisema, akampa mkono. Kisha akanigeukia. "Mpe shemeji yako mkono."

Nikampa. Wa kwake ulikuwa na jasho, wa kwangu pia. Tangu siku ya harusi nimekuwa na neno la kumtupia mtu huyu, na nilitafuta moja, hata la kumwumiza, sikuliona.

Simu ya Mama ikalia ujumbe. Haoni maandishi madogo, akanipa nisome. Ulikuwa wa Dada. *Mmetoka? Nimeweka maji ya Spika ya kuoga jikoni, yanachemka. Niyaache au bado mko njiani?*

Niliusoma kwa sauti kabla sijafikiri. Shemeji akageukia ukuta.

"Mjibu," alisema Mama.

"Nimjibu nini?"

Alitazama ule mlango ambao Spika alitakiwa kutokea, kisha vidole vyake mwenyewe vilivyobabuka kwa sabuni.

"Mwambie azime jiko."